Raba za ngozi: namba ni yako, lakini kiatu kinagoma

Kabla hujabadilisha namba, tafuta kwanza mahali kiatu kinapouma.

Raba ya kitambaa cha kufuma huvutika pande zote. Ngozi huachia upana kidogo, tena baada ya muda, na urefu haiongezi. Ndiyo maana mtu aliyezoea 42 kwenye raba za mazoezi anaweza kununua 42 ya ngozi ya ndama, kiatu cha bei ya juu, akakuta kinambana ubavuni huku kisigino kinapwaya. Hapo wengi hukimbilia 43. Kisigino kinazidi kupwaya, ubavu unaendelea kubana, na hela imeshatoka.

Namba inaeleza urefu wa kalibu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake. Haisemi chochote kuhusu upana wa mguu wako, unene wa mgongo wa mguu, wala umbo la kisigino. Matatizo mengi tunayoyaeleza hapa chini yako kwenye hayo matatu.

Pima upya, hata kama unajua namba yako

Pima jioni, kuanzia saa kumi, baada ya kutembea mchana. Mguu hujaa kadiri siku inavyokwenda. Weka karatasi ya A4 sakafuni, upande wake mfupi uguse ukuta. Vaa soksi utakazovaa na raba hizo. Simama kisigino kikigusa ukuta na uzito wote ukiwa kwenye mguu unaopimwa, kwa sababu mguu ukibeba mwili hurefuka kwa milimita kadhaa. Mwombe mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kilichotangulia, kalamu ikiwa wima kabisa. Ukijiinamia mwenyewe uzito unahama na kipimo kinaharibika. Kwa watu wengi kidole kilichotangulia ni gumba, kwa wengine ni cha pili. Pima miguu yote miwili, kisha fuata ule mrefu.

Kipimo cha pili, ambacho wengi hawakichukui, ni mzunguko. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye sehemu pana zaidi ya mguu, pale vidole vinapoanzia, ukiwa umesimama. Andika.

Huku nyanda za juu kuna jambo la kuangalia kwa makini. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Uyole kule Mbeya au Njombe, mguu wenye baridi huwa umesinyaa. Raba uliyoijaribu saa mbili asubuhi ikakukaa barabara itakubana ukishuka nayo Kyela kwenye joto. Kinyume chake hutokea zaidi: mtu anajaribu kiatu Kariakoo saa nane mchana mguu ukiwa umejaa, anafika nacho Mbeya na kinapwaya. Usipime pia siku uliyoshuka kwenye basi la kutoka Dar, kwani saa nyingi za kukaa huvimbisha miguu. Lala kwanza, pima kesho yake jioni.

Sasa hesabu. Kwa namba za Ulaya, chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 26.5 unatoa 28 mara 1.5, yaani 42. Mguu wa 25 unatoa 39.75, basi anza kujaribu na 40. Hiyo ni namba ya kuanzia tu.

Lebo zinapogongana

Namba moja ya Ulaya ni milimita 6.67. Namba moja ya Uingereza ni theluthi ya inchi, yaani milimita 8.47. Vipimo hivi havigawanyiki sawasawa, kwa hiyo kila kampuni hukadiria kwa namna yake. Angalia mfano: kwa Nike, 8 ya Uingereza ni 9 ya Marekani, 42.5 ya Ulaya na sentimita 27. Kwa Adidas, 8 hiyohiyo ya Uingereza ni 8.5 ya Marekani, 42 ya Ulaya na sentimita 26.5. Mtu akikuambia "navaa nane" hajakuambia kitu mpaka ataje kampuni na nchi ya namba.

Kwa hiyo kwenye lebo ya ulimi tafuta sentimita kwanza, zilizoandikwa CM au JP (namba ya Japani), wakati mwingine kwa milimita kama 265. Hizo zinalenga urefu wa mguu, nazo ndizo za kulinganisha na karatasi yako.

Viatu vya wabunifu wakubwa mara nyingi havina sentimita, na kila nyumba ya mitindo ina desturi yake. Viatu vya kiume vya Gucci, Prada na Louis Vuitton hutumia namba za Kiingereza: ukiona 8 usidhani ni ya Marekani. Alama ya + kwenye Gucci ni nusu namba. Common Projects huchapa tarakimu za dhahabu ubavuni karibu na kisigino: nne za kwanza ni za muundo, mbili za katikati ndizo namba ya kiatu kwa kipimo cha Ulaya, nne za mwisho ni za rangi. Achilles Low yao inajulikana kuwa kubwa, na wengi hushuka namba moja nzima. Kwa viatu vya kike, angalia kama namba ni ya Italia au ya Ufaransa, maana 38 ya Italia mara nyingi huwekwa sawa na 39 ya Ufaransa.

Namba ya Marekani ina mtego mwingine: ya kike na ya kiume hazilingani. Kwa Nike, 7 ya kiume ni 8.5 ya kike, zote sentimita 25. Kwenye mtumba, ambako raba za kike na za kiume hulala kwenye lundo moja, tafuta herufi W au M kabla hujaiamini namba.

Na kopi? Kopi nyingi zina namba iliyogongwa tu kiwandani, haifuati jedwali la kampuni iliyonakiliwa. Kwa kopi sahau majedwali, pima soli ya ndani.

Vidole vinagonga mbele

Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake kisigino kikiwa mwisho kabisa wa nyuma. Mbele ya kidole kirefu kunatakiwa kubaki milimita 10 hadi 12. Ikiwa ni chini ya 7, kiatu ni kifupi. Hakuna fundi atakayekirefusha: kirudishe, au mpe mwenye mguu wake.

Ikiwa nafasi ipo lakini bado vidole vinagonga, hasa kwenye mteremko, kama ukishuka kutoka Gangilonga kwenda mjini Iringa, basi mguu wako unateleza mbele ndani ya kiatu. Mtu wa namna hii akiongeza namba anauongezea mguu nafasi ya kuteleza. Chanzo ni mgongo wa mguu kutoshikwa. Kaza kamba kuanzia chini kwenda juu, tundu kwa tundu, si kwa kuvuta ncha mbili tu za juu. Zisipotosha, bandika kipande cha sponji au felti (kitambaa kizito cha sufi iliyoshindiliwa) nyembamba, milimita 3, chini ya ulimi. Ulimi ukishuka ukashika, mguu unarudi nyuma.

Jaribio la mteremko lifanyike kabla ya kulipa. Dukani hakuna mlima, lakini ngazi au kizingiti cha mlango kinatosha: kanyaga vidole vikielekea chini, bonyea.

Mabawa ya kamba yanakuambia nini

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na hakihitaji rula. Funga kamba kwa nguvu ya kawaida, kisha tazama kutoka juu nafasi kati ya mabawa mawili yenye matundu. Raba iliyokaa vizuri huacha sentimita 1 hadi 2, mistari miwili ikienda sambamba.

Mabawa yakigusana, kiatu kina nafasi kubwa kuliko mguu wako. Hutaweza kukaza zaidi hata ngozi ikilegea baadaye, na italegea. Ongeza soli ya pili nyembamba ya milimita 2 au 3 chini ya ile ya kwanza, na kama bado yanagusana, shuka nusu namba.

Yakiachana juu karibu na kifundo na kukaribiana chini, mgongo wa mguu wako ni mnene. Usibadilishe namba. Toa kamba kwenye jozi ya matundu iliyo juu ya pale panapobana, ipitishe wima kila upande bila kuvuka, kisha endelea kuvusha kama kawaida. Soli ya ndani ikiwa nene na inatoka, weka nyembamba zaidi: kila milimita unayopunguza chini, mgongo unaipata juu.

Yakiachana chini karibu na vidole, mguu ni mpana kuliko kalibu. Soma sehemu inayofuata kabla hujatoa hela.

Ubavu unabana, kidole kidogo kinaungua

Kupanda namba moja ya Ulaya kunaongeza mzunguko wa kiatu kwa takribani milimita 5 tu, lakini urefu unaongezeka karibu milimita 7. Unalipia urefu usiouhitaji ili upate upana kiduchu. Kwa mguu mpana kweli, dawa ni kalibu jingine: muundo mwingine, au kampuni nyingine. Raba nyembamba za Kiitaliano zenye pua iliyochongoka kidogo hazitakuwa rafiki wa mguu mpana hata zikipanuliwa.

Kama unabana kidogo tu, yaani mguu unaingia, hakuna ganzi, na ngozi inaonekana kutuna kwa nje pale kwenye kifundo cha kidole gumba, kupanua kunafaa. Kwanza hakikisha ni ngozi. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi halisi hutoa mikunjo midogo mingi inayosambaa, plastiki huingia ndani na kurudi ikiwa laini vilevile. Plastiki haipanuki, na ngozi iliyofunikwa rangi nzito hupanuka kidogo sana kisha rangi hupasuka.

Nyumbani: changanya spiriti ya dukani na maji, kiasi sawa, paka kwa kitambaa ndani ya kiatu pale panapobana tu. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, chini ya ulimi, uone kama rangi inatoka. Vaa soksi nene, tembea ndani ya nyumba dakika 20 hadi 30, uache kiatu kikauke kikiwa mguuni. Rudia jioni tatu au nne. Swedi, yaani ngozi yenye manyoya, hulainika haraka kuliko ngozi laini, basi nusu ya muda huo inatosha.

Kwa fundi: mafundi viatu wa Mwanjelwa na Sokomatola, Mbeya, wanajua kazi ya kupanua, lakini mwambie mambo mawili. Kwanza, apanue upana, asisukume pua. Pili, asimalize siku moja: azungushe kidogo, alaze usiku kucha, aongeze kesho. Ngozi ikivutwa kwa pupa, uzi wa kwenye kona ya pua huachia, na raba za soli iliyoshonwa pembeni huanza kufunguka hapo. Tarajia milimita 3 hadi 5 za mzunguko, si zaidi.

Usimruhusu mtu aweke kiatu kwenye friza kikiwa na mfuko wa maji. Maji yakivuja yanaloweka gundi, na barafu husukuma popote inapotaka.

Kisigino kinapanda na kushuka

Kwenye raba mpya ya ngozi, kisigino kupanda milimita 5 ni kawaida. Soli nene bado haijajua kukunja, kwa hiyo mguu unapokunja, kiatu kinabaki kimenyooka na kisigino kinaachwa. Raba zenye soli nene sana, kama zile kubwa za Alexander McQueen, huanza hivyo hata zikiwa namba sahihi. Kunja kiatu kwa mikono pale vidole vinapoanzia, mara 20 au 30, kisha vaa kwa saa mbili mbili. Ndani ya wiki mbili hivi tatizo hupungua lenyewe.

Likizidi sentimita moja, au ukiona malengelenge, fanya hivi kwa mpangilio. Tumia jozi ya mwisho ya matundu: pitisha kamba kila upande kutoka nje kuingia ndani kwenye tundu la juu kabisa ili ibaki kitanzi kidogo, vusha ncha ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia na ya kulia kwenye cha kushoto, vuta kwa kushusha chini, funga. Hili peke yake hutibu visigino vingi. Likishindwa, bandika kipande cha swedi au ngozi laini ndani ya kisigino, upande wa manyoya ukitazama mguu. Sponji za gundi zinazouzwa tayari husukuma mguu mbele, kwa hiyo pima tena nafasi ya vidole baada ya kuziweka.

Golden Goose Super-Star ina kisigino kilichofichwa ndani kinachoinua mguu. Kisigino chako kinakaa juu zaidi kwenye kikombe cha kiatu, kwa hiyo kinatoka kirahisi. Hapo usiongeze soli nyingine hata kidogo.

Mkunjo unakuuma juu ya kidole

Hili huwachanganya watu kwa sababu urefu ni sahihi. Ukitembea, kiatu kinakunjika mahali fulani, na mguu wako unakunjika kwenye vifundo vya vidole. Mahali hapo pawili pasipokutana, ngozi inaingia ndani na kuuma. Mwenye vidole vifupi na unyayo mrefu anahitaji kiatu kirefu kuliko karatasi inavyosema, ili mikunjo ikutane. Mwenye vidole virefu huona mkunjo mbele ya vifundo. Simama kwa vidole dukani, tazama mkunjo wa kwanza unatokea wapi. Ukikaa nyuma ya vifundo, upande wa kisigino, jaribu nusu namba juu. Ukiendelea kuuma, achana na muundo huo. Usijidanganye kwamba kitazoea.

Ganzi

Ganzi si hatua ya kuzoesha kiatu. Legeza kamba. Ikirudi ndani ya dakika kumi, kiatu hicho si chako. Mwenye kisukari asizoeshe kiatu kinachobana kabisa, hata cha kuchubua kidogo, kwa sababu kidonda cha mguuni kwake kinaweza kuanza bila maumivu.

Kilikukaa, sasa kinabana: mvua

Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, na Tukuyu karibu mwaka mzima, raba za ngozi hulowa. Kuloweka peke yake hakupunguzi kiatu sana, kukausha vibaya ndiko kunakopunguza. Ngozi iliyoanikwa karibu na jiko la mkaa au juani hujikunja na kuwa ngumu, na gundi ya soli hulegea.

Toa kamba na soli ya ndani. Jaza magazeti makavu mpaka puani, kwa kubana kiasi ili umbo lirudi. Badilisha baada ya saa mbili, kisha kila asubuhi na jioni. Weka kivulini penye upepo saa 24 hadi 48. Kwenye ukungu wa Mbeya huenda zikafika siku tatu. Kikikauka, paka losheni ya ngozi au dawa ya viatu isiyo na rangi kabla hujakivaa. Kama kimeshajikunja, paka losheni mara mbili ndani ya siku mbili, kisha fuata njia ya soksi nene hapo juu.

Mguu mmoja sawa, mwingine hapana

Miguu miwili kutofautiana ni kawaida. Nunua kwa mguu mkubwa, jaza mdogo: soli ya ziada ya milimita 2 upande huo tu, na kamba zikazwe zaidi. Tofauti ikifika karibu milimita 7, ambayo ni namba nzima, chagua muundo wa kamba ndefu zenye matundu mengi. Raba za kuvuta bila kamba zitakusumbua.

Kwenye mtumba angalia pia kama jozi ni jozi kweli. Linganisha namba za ndimi zote mbili, kisha gusanisha soli kwa soli.

Mtumba usio na lebo, na kiatu kinachokuja na basi

Pale Mlandege ya Iringa au Mwanjelwa, lebo ikiwa imefutika, toa soli ya ndani upime kwa rula. Urefu wake ukizidi mguu wako kwa milimita 8 hadi 12, jaribu. Soli isiyotoka, sukuma kijiti chembamba kisichokunjika mpaka puani, weka alama kwenye kisigino. Tazama alama ya mguu wa aliyekivaa: shimo la gumba lake likiwa mbele au nyuma ya lako kwa sentimita nzima, mguu wako utapigana na shimo hilo. Soli mpya inatibu, lakini ngozi ya juu iliyokunjika kwa mguu wa mwingine haitibiki yote.

Ukiagiza kutoka Dar, usiulize "ipo 42?" Jibu litakuwa "ipo". Andika hivi: "Dada, naomba unitumie picha ya lebo ya ulimi, na uweke rula kwenye soli ya ndani, nione inaanzia sifuri mpaka wapi. Mguu wangu ni sentimita 26.5, mzunguko 25." Muulize pia kabla ya kulipa kama kiatu kikirudi bila kuchafuka soli anabadilisha, na nauli ya mzigo wa kurudi ni ya nani.

Kikifika, kivae ndani, juu ya mkeka au zulia, jioni, na soksi zako za kawaida, nusu saa nzima. Usikate lebo, usitoke nacho nje hata hadi dukani kwa jirani. Soli nyeupe ikishika udongo mwekundu wa Iringa, hakuna muuzaji atakayekipokea.